Ngano Isiingie Sahanini: Namna ya Kuufahamisha Mtaa Kuhusu Siliaki

Mtu mwenye ugonjwa wa siliaki anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja ana bahati ambayo mwenzake wa London hana. Wali wa nazi, ugali wa mahindi, ndizi, mihogo, magimbi, maharage, choroko, samaki na mchicha havina gluteni, na vinapikwa kila mtaa bila mtu kuagiza chochote kutoka ng'ambo. Mwenzake wa kule huhangaika kutafuta mkate wa namna yake na tambi za namna yake, tena kwa bei ya kuumiza. Huku kwetu chakula chake kiko kwenye sufuria ya mama lishe tangu asubuhi. Kinachomdhuru ni kile kinachoingia ndani ya chakula hicho bila kutajwa: kijiko cha unga wa ngano kilichotiwa ili mchuzi ushike, mafuta yaliyokaanga maandazi kabla ya mihogo, mkono uliotoka kukanda chapati ukapakua wali.

Kwa hiyo anayetaka mtaa wake uujue ugonjwa huu asianze kwa kudai chakula maalumu. Aanze jikoni, kwa mazungumzo ya vyombo, mafuta na unga. Hivyo ni vitu ambavyo mpishi anavijua kuliko daktari, na akishaelewa kwamba anaulizwa juu ya kazi yake mwenyewe, husikiliza. Ukimwanzishia hotuba ya protini na kinga ya mwili, atakuitikia kwa adabu huku akigeuza samaki wake.

Hata hivyo lazima uweze kuueleza ugonjwa kwa dakika mbili, maana hakuna mpishi atakayekupa tatu. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa mwenye siliaki, protini hiyo ikifika katika utumbo mwembamba, kinga ya mwili wake huugeukia utumbo wenyewe na kuushambulia. Ukuta wa utumbo una vinundu vidogo mno vinavyofyonza chakula. Vinundu hivyo hulala na kuwa bapa, na chakula hupita bila kumfaidi mlaji. Mmoja atahara, atajaa gesi na kukonda. Mwingine hakondi wala hahari, ila damu yake haiongezeki hata ameze vidonge vya madini ya chuma mwaka mzima, au mifupa inadhoofika, au mimba zinaharibika, au mtoto harefuki kama wenzake. Wapo wanaotokwa na upele unaowasha vibaya kwenye viwiko, magoti na makalio. Dawa ya kumeza haipo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na utumbo hupona taratibu.

Utaambiwa, "Ah, kumbe ni aleji." Sivyo, ingawa kama jiko lina kelele na foleni ni ndefu, mimi singebishana. Aleji ya ngano inaweza kumbana mtu pumzi papo hapo. Siliaki huharibu polepole, mara nyingine bila maumivu yoyote, na ndiyo sababu maneno ya "mbona nilikula jana sikuona kitu" hayathibitishi lolote.

Kabla hujamwendea mpishi, hakikisha umemwendea daktari, na umwendee ukiwa bado unakula ngano. Hapa watu wengi hujikwaa. Wanasikia kwamba ngano ndiyo adui, wanaiacha, wanapata nafuu, kisha wanakwenda kupima. Kipimo cha kwanza hutafuta kwenye damu kingamwili zinazoitwa tTG-IgA, na mtu aliyeacha gluteni kingamwili hizo hushuka; majibu yatasema ni mzima. Itabidi arudie kula ngano kwa wiki kadhaa ili apimwe upya, jambo ambalo hakuna anayelifurahia. Damu ikionyesha dalili, kwa kawaida hufuata endoskopia: mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na vipande vidogo vya nyama huchukuliwa kupimwa. Usiridhike na kuambiwa una vidonda vya tumbo au chango kama hakuna kilichopimwa. Ukishathibitishwa, wahimize wazazi, watoto na ndugu wa damu nao wapime, kwa kuwa karibu mmoja katika kila kumi miongoni mwao huwa nao.

Uthibitisho wa daktari una faida nyingine mtaani. Siku hizi wapo wanaoacha ngano kwa ajili ya kupungua unene, au kwa sababu wamesikia kwamba ngano ni sumu kwa kila mtu. Hao wakifika mgahawani wanasema "sili ngano", na baada ya nusu saa wanaagiza keki. Mpishi akishaona hayo mara mbili, mgonjwa wa kweli akija huonekana mwenye maringo. Usiwe mhubiri wa kuwaachisha watu chapati. Waambie waziwazi kwamba chapati haina kosa kwa asiye mgonjwa, na watakuamini zaidi unaposema kwamba kwako wewe ina kosa.

Pingamizi la pili utakalokutana nalo ni kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kwa hilo uwe na mfano wa Wasaharawi. Mwaka 1999 timu ya daktari wa Kiitaliano Carlo Catassi ilichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa Kisaharawi katika kambi za wakimbizi za Tindouf, kusini-magharibi mwa Algeria. Asilimia 5.6 ya watoto wale walikuwa na siliaki, wakati makadirio ya dunia ni takriban mtu 1 katika kila 100. Hao ni Waafrika wa jangwani, ambao wazee wao waliishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende, kisha mkate wa ngano ukawa ndio chakula cha kila siku. Ukiusimulia mfano huo kwenye kikao cha mtaa, mjadala wa rangi huisha, na watu huanza kuulizana nani ana mtoto asiyeongezeka uzito ingawa ameshapewa dawa ya minyoo.

Kuna kisa kingine kinachofaa kwa wanafunzi. Katika miaka ya 1920 daktari Sidney Haas wa New York aliwatibu watoto wa siliaki kwa ndizi, nao wakanenepa. Mwaka 1924 akaitangaza ndizi kuwa dawa. Ndizi haikuwa dawa. Watoto walipona kwa sababu waliokula ndizi hawakula mkate, na waliporudia mkate wakaugua tena. Aliyeitambua siri ni Mholanzi Willem Dicke, daktari wa watoto mjini The Hague. Alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ilipofika njaa kubwa ya 1944 na 1945, Waholanzi wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu, mkate ukaadimika, na wagonjwa wake wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakazidiwa. Aliyaandika hayo katika tasnifu yake ya 1950. Mtoto wa darasa la tano hukielewa kisa hiki vizuri kuliko mchoro wa utumbo.

Sasa twende jikoni kwenyewe.

Chagua majiko machache ya karibu, yale ambayo ungekula kila wiki: mama lishe mmoja, muuza chipsi, mgahawa wa wali, labda hoteli moja. Usiende saa saba mchana. Nenda saa nne asubuhi au saa kumi jioni, wateja wakiwa wachache, ununue chai au soda, ukae. Kosa kubwa la wagonjwa ni kuuliza, "Hiki kina ngano?" Jibu la swali hilo kwetu ni moja: "Hapana, hamna shida." Mpishi hadanganyi. Anamtuliza mgeni, kama alivyolelewa. Isitoshe, kwake yeye ngano ni mkate na chapati. Kijiko kimoja cha unga ndani ya mchuzi hakihesabiwi.

Uliza namna ilivyopikwa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Mchuzi wako umeshika vizuri, umeufanyaje ukawa mzito hivi?" Hapo atakueleza mwenyewe: ni nazi na nyanya, au ni unga kidogo wa ngano uliokorogwa kwa maji. "Na hawa samaki wamekauka vizuri, umewapaka nini kabla ya kuwakaanga?" Wengine hupaka chumvi, ndimu na pilipili tu, wengine huwagaragaza katika unga wa ngano wasishike kwenye chuma. "Mafuta haya ulianza kukaanga nini leo?" Baada ya maswali matatu ya namna hiyo unajua kila kitu, naye hajaona kwamba anashukiwa. Hapo ndipo unasema: "Mama, mimi daktari amenikataza ngano kabisa. Ikiingia hata ya kijiko, utumbo unaharibika. Ndiyo maana nauliza."

Utashangaa jinsi ambavyo watakuhurumia, na huruma hiyo ina hatari yake. Mama atakaanga yai lako kwa upendo katika chuma kilekile cha chapati. Kwa hiyo mwonyeshe njia, na uifanye iwe nyepesi. Mimi naona zawadi bora ya kampeni hii ni kikaango kidogo na mwiko mpya, vikafungwa utepe mwekundu kwenye mpini. Mwiko wa mti wenye nyufa hushika unga hata ukioshwa, na chuma kilichozoea chapati ni vigumu kukisafisha kikamilifu. Ukimnunulia mama vyombo hivyo, umemwachia ukumbusho unaoning'inia ukutani kila siku, na mgonjwa mwingine akija atavikuta.

Unapofundisha, taja vyakula kwa majina, maana neno gluteni halitamsaidia mtu sokoni. Chapati, maandazi, sambusa, mkate, kaimati, visheti, tambi, keki na biskuti kila mtu atavitaja. Bokoboko ni ngano na nyama, kwa hiyo halimo katika chakula chake hata siku ya Idi. Kazi iko kwenye vile vinavyojificha. Urojo wa Unguja hupata uzito wake kwa unga, na mara nyingi ni wa ngano. Viazi karai huchovywa katika uji wa unga wa ngano kabla ya kuingia kwenye mafuta. Kababu hutiwa mkate ili zishikane, katlesi huviringishwa kwenye chenga za mkate, na soseji nyingi zina ngano ndani. Bajia za dengu ni salama mpaka mpishi aamue kupunguza gharama kwa kuongeza ngano. Mkate wa mofa uliza ni wa nafaka gani, na halua uliza ni ya wanga upi. Sosi ya soya inayolowekewa mishkaki kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Mvuje wa unga, ambao wapishi wengi wa vyakula vya Kihindi huutumia kwenye dengu, mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano kiwandani. Ni kitu kidogo ambacho hata mpishi hodari hajui. Unga wa lishe wa watoto, ambao mama huununua kwa nia njema kabisa, unaweza kuwa na ngano pamoja na mahindi, ulezi na soya. Vinywaji vya unga vyenye malti na bia ya kawaida vinatokana na shayiri. Mnazi hauna neno.

Kwa muuza chipsi tatizo ni karai. Viazi ni viazi na mayai ni mayai, hivyo chipsi mayai ingekuwa chakula kizuri kwa mgonjwa. Lakini karai hilohilo limekaanga sambusa, soseji na kuku waliopakwa unga, na chembe za ngano zimebaki ndani ya mafuta. Moto wa mafuta haziuogopi. Gluteni haiui mtu kwa uhai wake kama kijidudu, hata useme imechemka ikafa. Kijana wa chipsi akikuambia "mafuta yanachemka sana, kaka, hakuna kitu", mweleze hilo. Mwombe akukaangie wa kwanza kabisa, mafuta yakiwa mapya asubuhi, au akukaangie kwenye kikaango cha pembeni. Ikiwa haiwezekani, mshukuru na ununue mahindi ya kuchoma. Nyama choma nayo huwa salama zaidi kuliko chochote kilichopita kwenye karai, mradi haikulowekwa kwenye sosi.

Asubuhi ndiyo saa ngumu kuliko zote, kwa kuwa chai yetu imeozwa kwa ngano. Hapo mtaa uelimishwe kwa kuonyeshwa, na mfano mzuri kuliko yote ni kitumbua. Ni cha mchele na nazi, na chuma chake chenye vishimo hakipikiwi kitu kingine, hivyo hata jiko lenye chapati pembeni linaweza kukitoa kikiwa salama. Hakikisha tu kwamba mpishi hakuongeza ngano kwenye mchele, na kwamba hakandi chapati meza hiyohiyo: unga unaopepea hukaa hewani kwa saa kadhaa kisha hutua juu ya kila kitu. Mkate wa kumimina, viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, mtori na uji wa ulezi humalizia orodha. Mama anayeuza vitumbua akiambiwa kwamba kuna wateja wasioweza kula andazi wala mkate, na kwamba mmoja wao ndiye anayeamua familia nzima itakunywa chai wapi, hahitaji hotuba nyingine.

Kwa hoteli na migahawa mikubwa, ambako aliyepokea oda siye anayepika, tumia kadi. Iandike kwa Kiswahili cha kawaida, ukubwa wa kiganja, uifunge kwa nailoni. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Nina ugonjwa wa siliaki. Ngano, shayiri na rai, hata kidogo sana, zinaharibu utumbo wangu. Naomba chakula changu kisitiwe unga wa ngano, mkate, tambi wala sosi ya soya. Naomba kipikwe katika chombo kilichooshwa, kwa mafuta mapya, na kipakuliwe kwa kijiko chake. Naweza kula wali, ugali wa mahindi, ndizi, mihogo, viazi, maharage, nyama, samaki, mayai, nazi na mboga. Kama hujui kilichomo, tafadhali niambie hujui. Sitakasirika."

Sentensi mbili za mwisho usizifute hata nafasi ikibana. Zinampa mpishi ruhusa ya kusema ukweli. Na orodha ya unavyoweza kula ni muhimu kuliko ya usivyoweza, kwa sababu mpishi aliyepewa makatazo matupu hukata tamaa na kukuletea sahani ya matango.

Hoteli za watalii zina kosa lao: zinaandika "bila gluteni" kwenye menyu kwa kuwa wageni wanapenda kuisoma, kisha mkate huo maalumu unachomwa kwenye kibaniko kimoja na mkate wa wote. Muulize meneja maana ya maandishi yale. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Jiko lisilo na maabara halitapima, lakini linaweza kuwa na kibaniko chake, ubao wake na kisu chake. Kama havipo, heri menyu iseme "havina ngano" na mhudumu aeleze vilivyobaki.

Dukani soma viambato, si picha ya mbele ya pakiti. Tafuta ngano, shayiri, rai, malti, semolina na ata, na maneno ya kuonya kwamba huenda kuna chembe za ngano. Bidhaa kutoka Ulaya huweza kuwa na alama ya suke lililokatwa kwa mstari, ambayo hutolewa kwa zilizothibitishwa. Mashine ya kusaga nayo isisahaulike. Mahindi, mtama na muhogo wako ni salama, lakini mashine ikiwa imetoka kusaga unga wa lishe wenye ngano, debe lako litabeba mabaki. Zungumza na msagishaji akusagie baada ya mteja mwenye magunia ya mahindi, na ikibidi saga kwanza kilo mbili za mahindi ya kulisha kuku.

Jiko gumu kuliko yote liko nyumbani. Bibi anampenda mjukuu, anaona anakondeshwa, anampa biskuti kwa siri: "Kidogo tu hakimdhuru." Usigombane na bibi kwa maneno ya hospitali, mpe hesabu. Utafiti mwingine wa timu ya Catassi, uliochapishwa 2007, ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, kwa miezi 3, zinatosha kuharibu utumbo. Kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 hivi. Chukua kipande, ukikate mbele yake mara arobaini, umwonyeshe kipisi kimoja: hicho ndicho kinachomrudisha mtoto kitandani kikiliwa kila siku. Kisha mpe bibi kazi. Yeye ndiye awe mwenye kopo la karanga, kashata na ubuyu, na mjukuu aombe kwake. Aliyepewa cheo hulinda zaidi kuliko aliyepewa katazo.

Kwenye shughuli kuna sinia. Pilau yenyewe haina ngano, lakini mikono minne iliyoshika sambusa inachota upande mmoja, na kukataa kula na wenzako kunaonekana kiburi. Mpigie simu mwenye shughuli siku mbili kabla, usimvizie mlangoni. Omba upakuliwe kwanza, chungu kikifunguliwa, kabla upawa haujagusa kitu kingine, na ukae na watu ukila kutoka sahani yako. Ukitangulia kumwambia mmoja wa wazee waliokaa kwenye sinia, yeye atakujibia maswali yote, na kwa mamlaka ambayo wewe huna. Futari vivyo hivyo: tende, uji wa mchele, mihogo na ndizi za nazi, magimbi na maharage vinamtosha mfungaji, kaimati, sambusa na tambi vikae sinia nyingine, na kila kimoja kiwe na kijiko chake. Imamu akilitaja hilo kwa dakika moja kabla ya Ramadhani, limewafikia wapishi kuliko mabango mia.

Kanisani kuna suala ambalo wagonjwa wengi huona haya kulisema: hostia ni ya ngano. Kwa Wakatoliki, barua ya Roma ya 2003, iliyotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, ilieleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa sakramenti, lakini yenye gluteni kidogo sana inafaa, na kwamba asiyeweza hata hiyo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Mwongozo huo ulirudiwa 2017. Mwendee paroko ofisini, si sakristia dakika tano kabla ya misa. Ukichagua divai, mkumbushe kwamba padri hutia kipande cha hostia ndani ya kikombe chake, kwa hiyo wewe unahitaji kikombe kingine.

Shule ya bweni ina unafuu wa ajabu, kwa sababu ugali na maharage ndiyo ratiba. Hatari ni siku ya chapati, mkate wa Jumapili na biskuti za wenzake. Barua ya daktari mpelekee mwalimu mkuu, lakini anayepaswa kukaa na wewe nusu saa ni mpishi na matroni. Mwombe mwalimu wa sayansi kipindi kimoja cha kisa cha Dicke. Watoto wakishaelewa, hulindana.

Baada ya hapo ndipo ufikirie kikundi. Tarehe 16 Mei ni siku ya kimataifa ya siliaki, na redio za jamii hupenda tarehe kwa sababu huzipa sababu ya kukualika. Nenda na mama lishe wako, yeye aeleze anavyofanya. Wapishi wenzake watamsikiliza yeye. Kliniki ya watoto nayo haihitaji semina. Muuguzi mmoja anayekumbuka kuuliza juu ya siliaki pale mtoto anapokataa kuongezeka uzito, au damu inapokataa kupanda, atakuwa ameufikia mtaa wote kupitia foleni yake.

Majiko yaliyokwisha kuelewa yaandike kwenye karatasi moja, na kila jiko liandikiwe chakula kilicho salama hapo, si jina la jiko tu: wali na maharage kwa huyu, vitumbua kwa yule, chipsi za asubuhi kwa kijana wa kona. Karatasi hiyo ina maisha mafupi kwa sababu wapishi huhama. Kila ufikapo, kabla hujaketi, angalia aliyeshika mwiko ni yuleyule. Kama ni mgeni, anza upya tangu shikamoo. Na mwenye mgahawa muulize mpishi wake hupumzika siku gani, na nani huingia jikoni siku hiyo.